Maji ya Mzazi

Arusha, 4 Rajabu 1323
(Wazungu huku wanaita Septemba 1905)

Dada yangu Arafa binti Omary, wa Pangani, shikamoo.

Mimi mdogo wako ni mzima, na kama karatasi hii inanuka moshi usishtuke, ndiyo hewa ya huku. Nisalimie shangazi, nisalimie majirani wa ukuta kwa ukuta, na paka wako mwizi kama bado hajapigwa jiwe. Baridi ya Arusha haina adabu. Mlima unajifunika wingu tangu alfajiri, na sisi tunajifunika kila kilichomo ndani ya nyumba, hata mkeka. Nusura anakusalimu, yeye na watu wake. Ndivyo anavyowaita kuku wake kumi, "watu wangu", na anaongea nao kuliko anavyoongea na mimi.

Kazi yangu ni njema. Niko kwa Mdachi mmoja mwenye shamba upande wa Kimandolu, na mimi ndiye msimamizi wa maji wa nyumba nzima. Ungeona mambo yao, dada! Uani amejenga jiko la matofali, na ndani yake limekaa pipa la shaba, kubwa kuliko sufuria la pilau ya harusi. Moto unawashwa chini kabla ya jua, mara moja tu. Pipa limezungushiwa ukuta mnene wa udongo, basi maji yanabaki ya moto mpaka wanapomaliza chakula cha mchana. Kwa chini kuna bilula. Unaizungusha, maji yanatoka yanafuka mvuke, na Mzungu anaingia kuoga bila kumwita mtu.

Sasa neno lenyewe. Nusura ni mjamzito, mwezi wa tano.

Unakumbuka mtoto wetu wa kwanza alivyozaliwa njiani tukiwa na msafara, chini ya milima ya Upare. Nusura hakukandwa hata siku moja. Maji ya moto yaliyokuwepo yalitosha kikombe cha uji. Mtoto tulimzika siku ya tatu, na mama yake baridi ikamwingia mifupani, akatetemeka miezi minne. Nilikuwa namtazama nikijua naye namzika. Sijapata kukuambia hivi, nilikuambia aliumwa kidogo.

Safari hii nataka akandwe arobaini nzima, mara tatu kwa siku, kama ulivyokuwa ukiwafanyia wazazi wa Pangani. Lakini mimi natoka kabla ya jua na kurudi jioni. Jirani tunaye mmoja, Namnyaki, mjane wa Kiarusha anayeuza maziwa, na nusu ya siku yuko njiani kwenda au kurudi soko la Ngaramtoni. Nani atakaa kuchochea moto kutwa? Njoo wewe, dada yangu. Mikono yako naijua, na Pangani nzima inaijua. Ukishindwa kabisa, niandikie namna ya kuyafanya maji yakae na moto wake bila mtu wa kuyaangalia.

Ni mimi uliyenibeba mgongoni,
Sefu bin Omary


Pangani, 12 Shaabani 1323

Kwa mdogo wangu Sefu. Marahaba, na marahaba ya pili mpe Nusura.

Barua imefika, nimeianika juani siku nzima na bado inanuka. Huku wote wazima. Shangazi magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui. Paka yuko, samaki wa jirani hawako.

Msimamizi wa maji! Tangu lini maji yakasimamiwa? Haya, mimi nimekaa kimya.

Habari ya mimba imenifurahisha nikakaa chini. Na hayo ya miezi minne umenificha miaka mitatu. Mwongo wewe. Tutaonana.

Kuja sitaweza. Usiniulize sababu.

Ila maji nitakufundisha, nisikilize. Tafuta chungu kikubwa kilichokwisha kutumika. Chungu kipya hunywa maji na kutoa jasho. Chimba shimo uani, kina chake kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko. Tandaza majivu ya moto chini, kalisha chungu, na pembeni shindilia makumbi ya nazi kama mtu anayejaza godoro. Maji uyamimine yakiwa yanatokota. Funika kwa kawa, juu ya kawa gunia, juu ya gunia udongo. Maji ya alfajiri utayakuta alasiri hayashikiki kwa mkono. Na shimo hilo mtu wa nje asilione. Maji ya mzazi yana hasidi, wewe unajua.

Dawa ni majani ya mkunazi, mvumbasi na mchaichai, yatiwe maji yakiwa bado yanachemka ndipo yashike. Mwili ulioshikwa na maji hayo haupenywi na kitu. Na wale watu wa Nusura usiwaonee huruma. Maji yakiwa tayari na siku ikiwa imefika, wapike wawili wawili, usibakishe. Asubuhi wawili, jioni wawili, mpaka waishe.

Niandikie upesi kwamba umeelewa.

Dada yako anayekuombea,
Arafa


Pangani, 9 Mfunguo Mosi 1323

Sefu, ndugu yangu, salamu kwanza kabla ya ugomvi.

Ramadhani imepita, Idi imepita, nimekula peke yangu na shangazi, na barua yako haipo. Naanza kuhesabu siku kwa kokoto. Tarishi wa posta siku hizi akiniona anageuza njia, maana swali langu analijua.

Nilikuwa sitaki kukuandikia mambo ya huku, nikasema nisimtie hofu mwenye mke mjamzito. Lakini labda umeyasikia. Huko kusini watu wamepigana na serikali. Waganga waliwapa maji yenye dawa, wakawaambia risasi zikiwagusa zitageuka maji. Basi hapa mjini neno lenyewe la maji limekuwa mwiba. Mchota maji anayepita mitaani ameacha kunadi, anapita kimya na pipa lake, ukitaka unamfuata. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Mtu akiwa na hofu husema lolote.

Nusura amefika mwezi wa nane. Shimo umechimba? Jibu hata kwa mstari mmoja.

Arafa


18 Mfunguo Mosi 1323
(Mahali nilipo nimekatazwa kupataja.)

Kwa dada yangu Arafa binti Omary, shikamoo.

Mimi sijambo. Nakula. Naandika kwa herufi za Kizungu kwa amri ya bwana karani wa boma hili, ili aisome bila taabu, nawe utafute mtu wa kukusomea. Bwana karani ni mtu mwema.

Barua yako ya Shaabani haikunifikia nyumbani. Ilifunguliwa hapa njiani. Askari wawili walikuja kunichukua Arusha siku ya tatu baada ya Idi, tukatembea siku nyingi. Barua nimesomewa hapa kwa mara ya kwanza, na baadaye mara nyingi, naijua kwa moyo.

Imesomwa hivi: lichimbwe shimo ambalo mtu asilione. Maji yatiwe dawa. Mwili ulioshikwa na maji hayo haupenywi na kitu. Siku ikifika, wale watu, WAPIGE wawili wawili, usibakishe, asubuhi wawili, jioni wawili, mpaka waishe.

Bwana karani anauliza hao watu ni nani.

Nimejibu kwamba ni kuku. Wamecheka, halafu wakaacha kucheka. Wameniuliza na kazi yangu, nikaapa, ikaandikwa: mchemsha maji ya kuogea. Hilo neno maji nalo halikunisaidia.

Bwana mkubwa wa hapa amesema liwali wa Pangani akithibitisha maana ya barua, nitaachiliwa. Bila hivyo nitapelekwa pwani na kesi. Nusura mwezi wake wa nane umekwisha na yuko peke yake.

Dada, fanya upesi. Bwana karani ni mtu mwema.

Sefu


Pangani, 3 Mfunguo Pili 1323

Sefu wangu.

Salamu zote utazipata tukionana. Barua yako niliipokea jana asubuhi, mwalimu wa shule akanisomea barazani, na kabla hajamaliza nilikuwa nimekwishavaa buibui. Nikapitia kwa jirani nikakamata kuku wawili, sikumwomba, nikaenda nao kwa liwali, mmoja kila mkono. Nyuma yangu wakunga wanne wa mji, na nyuma yao shangazi na magoti yake.

Liwali akaniuliza, "Binti Omary, hao kuku vipi?"

Nikamwambia, "Bwana, hawa ndio waasi. Huyu wa kushoto ndiye mkubwa wao."

Nikaomba wino. Nikamwandikia mbele ya macho yake neno "wapike", halafu chini yake neno "wapige", kwa mwandiko wetu wa herufi za Kiarabu. Unajua babu alivyotufundisha, herufi moja tu ya kaf, ukipenda isome k, ukipenda isome g. Yakatoka maneno mawili kama mapacha. Nikamwambia asome lipi ni lipi. Alitazama kitambo, akashindwa, akaanza kucheka mpaka kilemba kikakaa upande. Wakunga wakamweleza maji ya mzazi mwanzo hadi mwisho, na nadhani alisikia zaidi ya alichotaka kusikia. Akaandika cheti kwa mkono wake, akapiga muhuri. Kimo humu ndani. Tarishi wa serikali anaondoka leo adhuhuri na ameapa kutolala njiani.

Nilicheka na liwali, Sefu, na niliporudi nyumbani nililia. Ni mkono wangu uliokufunga. Nilikuwa najisifu kwa mwandiko wangu, wanawake wangapi hapa wanaandika? Na tazama.

Hilo la kuchemsha maji ya kuogea nimelisikia. Kazi ya halali ina aibu gani hata unidanganye? Ila "msimamizi" nitakutania nalo mpaka kaburini, jiandae.

Ukifunguliwa usiniandikie. Kimbia nyumbani kwanza.

Arafa


Arusha, 18 Mfunguo Pili 1323
(Januari 1906 kwa Wazungu)

Dada yangu, shikamoo. Ni wazima. Wote wawili. Nimeanza na hilo ili usisome mistari mingine na moyo mkononi. Ni mtoto wa kike, ana siku kumi leo, na sauti yake inasikika mpaka barabarani.

Cheti cha liwali kilifika boma siku ya tisa ya mwezi huu. Bwana mkubwa alikisoma, akamwita karani, akamwamuru aandike "pika" na "piga" kwa mwandiko wa babu. Sikubaki kutazama. Walinirudishia kofia yangu nikaondoka, na siku zote za kutembea nilikuwa nasema neno moja tu, yasiwe yale ya Upare, yasiwe yale ya Upare. Chakula nilichokula njiani sikikumbuki. Askari mmoja aliyekuwa akirudi upande wangu aliniacha siku ya pili, alisema sitembei, nafukuzwa.

Nimefika juzi saa kumi jioni na manyunyu. Mlango umefungwa. Uani kimya. Dada, zilibaki hatua kumi tu. Nikasimama pale na kofia mkononi. Kisha nikasikia kitu kinamwagika, na sauti ya Namnyaki inafoka: "Kaa vizuri! Wewe umesema mgongo, mimi nafanya mgongo. Sasa unalia nini?" Na Nusura anamjibu, "Ni moto, mama, ni moto sana!"

Ni moto sana! Nilikaa palepale kwenye tope. Sijawahi kusikia malalamiko matamu kama yale.

Nikueleze ilivyokuwa. Kabla hawajaja kunichukua sikuwa nimepata neno lako lolote, basi mwezi wa Ramadhani nilijifanyia mwenyewe, kwa kuiga pipa la Mdachi. Shaba sina. Nilinunua chungu kikuukuu pale Ngaramtoni, nikakijengea ukuta wa udongo uani. Na nikataka bilula, si unanijua! Nikatoboa chungu, nikachomeka mwanzi, na pembeni nikaziba kwa nta ya nyuki. Nta, dada, kwenye maji ya moto. Iliyeyuka, mwanzi ukachomoka kwa kishindo, maji yakaenda yote motoni, na watu wa Nusura wakaruka ukuta wakakaa huko mpaka kesho yake. Namnyaki alikuwa amekuja na maziwa. Alicheka akaweka kibuyu chini asije akakimwaga.

Yeye ndiye aliyeniambia cha kufanya, ingawa hakujua ni cha nini. Makumbi ya nazi huku hayapo, watu wengi hawajapata kuiona nazi. Aliniletea majani makavu ya migomba mizigo miwili, na ngozi mbili za kondoo zenye manyoya yake. Akasema, "Mwanakondoo akizaliwa na baridi, tunamfunga hivi. Kwa nini maji yafe?" Nikanunua chungu kingine, kizima, nikakifukia nusu, nikashindilia migomba kotekote, ngozi juu, manyoya ndani. Maji niliyoyachemsha kabla ya kwenda kazini niliyakuta jioni yananichoma kidole. Nilipokuja kusikia barua yako ikisomwa kule bomani, na shimo lako na makumbi yako, nilitabasamu mbele ya karani, ikaandikwa kwamba nimetabasamu.

Nusura alishikwa na uchungu siku ya nane alfajiri. Namnyaki alimzalisha, hiyo kazi anaijua kuliko mimi ninavyojua jina langu. Lakini kukanda hakukujua. Kwao mzazi hunyweshwa mafuta ya kondoo na supu ya magome, akalala. Nusura, bado hata hajakaa sawa, akamwambia kuna chungu uani na maji yafanywe hivi na hivi. Namnyaki akashangaa: "Huyu ametoka kuzaa, nimpike tena?" Nusura akaanza kutetemeka. Hapo mama yule hakuuliza tena. Alichovya kitambaa, akakikamua, akakandamiza tumboni alivyoelekezwa, na Nusura anasema mkono wa kwanza tu uliposhuka, mtetemeko ukakata.

Ngaramtoni hajaenda tangu siku hiyo. Anawasha moto mara moja alfajiri, anajaza chungu, anakifunika, maziwa yake anauzia hapahapa mlangoni. Mara tatu kwa siku, dada, bila kukosa. Mafuta ya kondoo pia anamnywesha, hakukubali kuacha. Mtoto ameitwa Salama, hawakuningoja.

Bwana wangu wa Kimandolu amepata mtu mwingine wa kuchemsha maji. Nimepokea habari hiyo kwa furaha ambayo ilimshangaza. Sasa nabaki nyumbani, moto nawasha mimi.

Sefu wako


Pangani, 11 Mfunguo Tatu 1323

Sefu, Nusura, na Salama ambaye bado hajui kusoma, nawasalimu wote kwa mpigo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikampelekea yule jirani kuku wake wawili na wa tatu juu yake. Shangazi amecheza msondo na magoti yake yaleyale. Mji mzima unajua habari ya nta.

Uliniomba nije, nami nikakukataza hata kuniuliza sababu. Sasa naweza kukuambia, kwa sababu sasa haliwezi kumdhuru mtu.

Mwaka huu, mwezi wa Mfunguo Sita, kabla hujaniandikia habari ya mimba, nilikuwa namkanda mzazi mmoja wa mtaa wa pili, binti mdogo, mimba yake ya kwanza. Siku ya tisa homa ikampanda. Siku ya kumi na moja alifariki. Maji yalikuwa sawa, majani sawa, kila kitu kama nilivyofanya kwa wanawake mia. Watu hawakusema kitu mbele yangu. Nyuma walisema. Tangu siku hiyo sijagusa mzazi, Sefu. Wakija nasema mkono unaniuma. Ulipoandika kwamba mikono yangu inajulikana Pangani nzima, niliitazama nikaificha chini ya leso, na hapakuwa na mtu ndani.

Niliogopa kuja kumwua mke wako. Ndivyo ilivyo. Nikaandika barua badala ya kuja, nikidhani barua haina madhara, na barua nayo ikaenda ikakufunga. Siku zile ulipokuwa kule nilisema basi, mimi ni wa kukaa mbali na watu.

Sasa nasikia mwanamke ambaye hajapata kukanda maishani mwake amechovya kitambaa na mtetemeko ukakata. Nimelia kwa shukrani. Na nimelia kidogo kwa wivu, nalo nimelisema.

Mpe Namnyaki salamu zangu. Mwambie asikandamize chini ya kitovu baada ya siku ya ishirini, pembeni tu.

Arafa


Arusha, 6 Mfunguo Nne 1324

Dada yangu Arafa, shikamoo kutoka kwetu sote.

Salama amenenepa, shingo haionekani. Mvua zimeanza kujikusanya juu ya mlima. Kuku wamebaki jogoo mmoja, ambaye Nusura amekataa asiguswe, anasema amefiwa vya kutosha. Mimi nimepata kazi. Waarusha watatu na Mmeru mmoja wameniita niwajengee vyungu vya uani kama changu, na Namnyaki ananitangulia kuwaeleza wake zao jinsi ya kukanda, kwa Kiswahili chake, na penye upungufu anajaza kwa Kimaasai na vitendo. Juzi aliniambia, "Ero, Sefu, sasa hii ni mila yetu. Nyinyi watu wa pwani mumeitoa wapi?"

Barua yako nilimsomea Nusura yote. Sikuruka mahali, nisamehe kama hukutaka. Alimhamishia mtoto titi la pili. Kisha akasema nikuandikie maneno haya kama yalivyo: "Mwambie wifi yangu kwamba nilipokuwa natetemeka sikumwambia Namnyaki maneno yangu. Mimi nilikandwa lini hata nijue? Nilimwambia aliyokuwa akinisimulia wifi kule Pangani kabla hatujasafiri, kitambaa kikamuliwe vipi, mkono ushuke kutoka wapi. Mikono ilikuwa ya Namnyaki. Aliyekanda ni yeye Arafa."

Yule binti wa mtaa wa pili alikwenda kwa siku yake, dada, na homa haikutoka mikononi mwako. Mungu amrehemu. Mtu akija kukuita, nenda.

Sasa nikuambie siku ya arobaini, maana ndiyo niliyokuwa nakuwekea.

Asubuhi ile niliwasha moto kama kawaida. Nusura akatoka nje, mtoto kampa Namnyaki, akaniambia, "Zima." Nikamwambia bado siku haijaisha. Akasema, "Zima, Sefu, nimechoka kuwa uji." Akachukua kanga yake akateremka mtoni. Ni mto Themi, dada, unatoka moja kwa moja mlimani, maji yake hata mchana wa jua yanauma meno. Mimi nilimfuata nikimsihi njia nzima, nikataja Upare, nikakutaja wewe. Hakugeuka.

Akaingia mpaka shingoni. Akazama. Akakaa chini ya maji kitambo ambacho kwangu kilikuwa kirefu kuliko siku zangu zote za bomani, kisha akaibuka, akapiga kelele, akaanza kucheka.

Nilisimama ukingoni nimeshika nguo kavu kwa mikono miwili, nikimtazama mabega. Nilingoja atetemeke. Alisimama kwenye yale maji mpaka mimi niliye nje nikaanza kuhisi baridi, anaosha nywele zake polepole, na hakutetemeka.

Ndugu yako,
Sefu